Uzi Ulioshika Kufuli

Miaka imepokezana kimya kimya tangu mama huyu aingie, angali bibi arusi, katika chumba cha kompyuta cha kituo cha kusukuma maji. Leo ana wajukuu, na programu aliyoiandika kwa lugha ya C ingali inaendesha pampu zote. Kila pampu ina uzi wake, yaani kazi iendayo sambamba na nyingine ndani ya programu moja. Na kila uzi hulishika kwa zamu kufuli moja kabla ya kugusa kipimo cha tangi, nyingine zikingoja mpaka uliachilie.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliajiriwa hapo kwa majaribio. Asubuhi moja aliagizwa kuisimamisha pampu moja ili itengenezwe. Akauua uzi wake papo hapo. Mara pampu zote zikaduwaa.

Meneja akasimama mlangoni. "Ikifika adhuhuri hujarekebisha, majaribio yako yamekwisha."

"Shemeji," mama akasema akivuta kiti, "umemuua mtu mwenye ufunguo wa choo mfukoni, halafu unashangaa foleni?"

"Nilitaka kazi iishe haraka."

"Wewe? Mbona chai huimalizi mpaka ipoe!"

Akamwelekeza: uzi hauuawi, huombwa. Shemeji akaweka alama ya kusimama, ambayo uzi utaitazama wenyewe kila mzunguko, uachilie kufuli, kisha uondoke, huku programu kuu ikiusubiri. Wakaiwasha programu upya, maji yakarudi. Akaiinua alama. Uzi haukuondoka. Kidole chake kikaielekea tena amri ya kuua.

"Toa kidole! Hajakataa, amelala. Anangoja habari za tangi. Mwamshe kwanza."

Shemeji akacheka kwa haya, akaongeza mstari wa kuziamsha nyuzi zilizolala mara tu alama inapoinuliwa, akaiwasha programu tena. Safari hii uzi uliamka, ukaiona alama, ukaachilia kufuli, ukatoka kwa adabu. Pampu moja ikanyamaza. Nyingine zikaendelea kunguruma. Adhuhuri ilikuwa bado.

Meneja akakitazama kipimo. "Kesho uje mapema," akasema, akaenda zake.

"Sasa naweza kuondoka, shemeji?"

"Weka ufunguo mezani kwanza," mama akamtania.

Mola ampe mama huyu umri wenye heri, amhifadhi mumewe, shemejiye na wajukuu wake. Na kila mmoja wao, siku atakapoitwa, aondoke akiwa amekwisha kurudisha amana aliyoishika. Amina.