Tumbo la Bosi

Wagonjwa wa meno walimpa jina la Daktari wa Pili, na tangu siku hiyo sikumpenda. Mimi nimekaa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ile miaka kumi na moja. Nimepokea watu wenye mashavu yaliyovimba, wengine wakilia kama watoto, na hakuna aliyenipa hata jina la utani. Yeye alikuja kupiga deki, na mwezi wa pili tu akawa na cheo.

Alikuwa mwanamke mfupi, si msemaji, mikono imesinyaa kwa maji. Kabla ya kuja kwetu aliosha matangi miaka sita kwenye duka la samaki wa mapambo, mpaka mwenye duka akalifunga na kuhama. Kwake aliishi chumba kimoja na mama mkwe, na hakufuga samaki hata mmoja, maana mkwe hakutaka kusikia habari za kuweka maji ndani. Basi mapenzi yake yote akayaleta kwenye tangi letu la kioo, lililokuwa kati ya viti vya wagonjwa na meza yangu.

Humo alikuwemo Bosi, samaki wa dhahabu asiyezidi urefu wa kidole, na wenzake watatu. Bosi alikuwa wangu. Nikigonga kopo la chakula anakuja mbio upande wa meza yangu, mdomo wazi. Daktari wa Pili alinyonya uchafu kwa mpira, akabadilisha maji na kupima joto. Kulisha aliniachia mimi, mara moja kwa siku. Lakini mtu akiuliza nani anatunza samaki wazuri hivi, daktari wa meno alimnyooshea kidole yeye. Na mimi nimekaa pale pale! Roho iliniuma, sifichi.

Jumatatu moja tukamkuta Bosi tumbo limemjaa, anaogelea kichwa chini kama aliyeangusha kitu. Nikasema ana mayai, na nikasema kwa sauti ili wagonjwa wasikie. Daktari wa Pili hakunibishia. Alimchota kwa bakuli, akamtazama kutoka juu kwa muda mrefu. Akaeleza kwamba magamba yakisimama kama ganda la nanasi, maji yamejaa mwilini na kupona ni nadra. Ya Bosi yalikuwa yamelala. Tumbo lilivimba sawa pande zote, kwa hiyo pengine halikuwa jipu. Wenzake walikuwa wazima, kwa hiyo maji hayakuwa na kosa. Tena hakuonekana kupata choo. Kuhusu mayai, alinionyesha vidoa vyeupe mashavuni mwa Bosi, akasema hivyo huota kwa madume. Wagonjwa walicheka, nikacheka nao huku nikitamani sakafu inimeze.

Alimhamishia kwenye boksi la plastiki linaloonyesha, akaliweka mezani kwangu kwa kuwa kona yangu ndiyo yenye joto. Akatia chumvi ya haluli, ile ya duka la dawa inayolainisha tumbo, kwa kipimo kidogo sana. Bosi afunge siku tatu, kisha apewe punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Tumbo lisiponywea baada ya hapo, basi ugonjwa uko ndani na yeye mwenyewe hana la kufanya.

"Dada, hata chembe moja usimpe," aliniambia.

Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili daktari wa meno alimleta mgeni wake kuona mgonjwa wa Daktari wa Pili, na walipoondoka Bosi akanigeukia, mdomo wazi. Nikamtilia chembe. Jioni tena. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa kubwa. Nilitaka yule mwanamke ashindwe mbele za watu.

Asubuhi ya siku ya nne tumbo lilikuwa kubwa kuliko Jumatatu. Daktari wa Pili alikuja na njegere yake kwenye kisosi, akaangalia, akakiweka kisosi kando. Akaenda kwa daktari wa meno, akarudi na kichupa cha mafuta ya karafuu, yale tunayowapakaa wenye jino linalouma. Akasema matone machache yatamlaza Bosi usingizi, na akiongeza mengine hataamka wala hatasikia maumivu. Alianza kuyatikisa ndani ya kikombe cha maji. Maji yakamwagika kwenye daftari langu la miadi, asiyaone.

"Weka hicho kikombe chini," nikasema. "Mimi nimemlisha."

"Mara ngapi?"

"Juzi mara mbili. Jana tatu."

Nilingoja anitukane. Alimwaga kile kikombe kwenye sinki, akakisuuza vizuri, akafunga kichupa. Akasema basi Bosi hajafunga bado, tuanze kuhesabu upya. Akakata kipande cha katoni akakibandika kwenye boksi, upande wangu, Bosi asinione.

"Mimi akiniona anajificha," alisema akiwa amenipa mgongo. "Miezi minne sasa. Mimi kwake ni ndoo na mpira tu. Nikipiga deki hapa namwona anavyokukimbilia, nakuonea wivu mpaka nasahau nilipofikia."

Nikachukua kitambaa, nikakausha daftari langu la miadi.

Zile siku tatu nilikaa nikiangalia katoni. Siku ya pili aliniita nichungulie kutoka juu: Bosi alikuwa akiburuta uzi mrefu wa choo, na sisi wanawake wawili tukaushangilia. Siku ya nne tumbo lilikuwa limenywea. Aliimenya njegere, akaisaga kwa kucha, akaninyooshea kidole chake chenye chembe ya njegere.

"Mpe wewe," nikamwambia, nikasogeza kiti nyuma.

Alibandua katoni, akaingiza kidole majini. Bosi alijibanza kwenye kona, akageuka huku na huku akinitafuta, kisha akaenda taratibu, akadonoa kidoleni mwake. Uso wa yule mwanamke sikuweza kuutazama. Wivu ulikuwa haujanitoka. Kopo la chakula nilikuwa nimelishika muda wote ule, na sikuligonga.