Udongo wa Maharage wa Mama

Tulipokimbia Burundi mama hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba udongo wa shamba letu la maharage, kaufunga kwenye kitenge. Kwetu mwanamke akihamia shamba jipya huchanganya mbegu na udongo wa shamba la zamani, maharage yapate kushika. Kambini aliutia kwenye chungu, akawa anaunyunyizia maji usikauke, akisubiri siku tutakayopata pa kulima.

Mimi nilipata kibarua kwa mtafiti wa udongo aliyepanga chumba Gungu, mjini. Alinieleza kwamba mataifa makubwa yalijaribu mabomu yao ya nyuklia mbali huko, vumbi lake likapanda angani, likashuka na mvua dunia nzima, na bado limo ardhini. Alitaka kujua limewafanya nini vijidudu wanaolisha mimea. Nilipandwa na hasira. Yaani hata sisi, tusiojua bomu lao lina rangi gani! Kisha hofu ikaniingia: na chungu cha mama je?

Mama alipolazwa kwa malaria, nikakibeba hadi Gungu bila kumwambia. Udongo nikauweka kwenye tanuri la umeme, kama nilivyoweka sampuli zote kabla ya kupimwa. Mlango niliufunga mimi mwenyewe.

Majibu yakaja: vumbi la mabomu lilikuwemo, ila kidogo mno kudhuru kitu. Nilifurahi kama mwehu.

"Na vijidudu?" nikauliza.

Mtafiti akanishangaa. "Si umeukausha? Wamekufa wote."

Mabomu yale hayakuwaua. Niliwaua mimi, kwa mapenzi yangu ya kijinga.

Nikaulowesha udongo, nikaurudisha kambini kwenye chungu chake. Mama alipona, tukaazimwa kipande cha shamba kijijini Kidahwe, akapanda huku anaimba. Maharage yaliota, yakageuka manjano. Aling'oa shina moja, akatafuta kwenye mizizi vile vinundu vya vijidudu anavyovijua tangu utotoni. Hapakuwa na hata kimoja.

"Udongo wa iwacu, wa kwetu, umenikataa, mwana wanje," akasema.

Nikamwambia labda ni mvua.

Malori ya kuwarudisha watu Burundi yalipoanza, majirani walimbembeleza ajiandikishe. Alikataa. "Nirudi wapi? Udongo wenyewe haunitaki." Aliishi miaka tisa zaidi, tukila sahani moja, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba ni mimi. Tumemzika Kidahwe.