Chumvi ya Mama Émerence

"Kintu yenye inapita mu maboko yangu haiwezi kuoza, hata ikuwe maiti!"

Ndivyo Mama Émerence alivyojisifu kwenye harusi ya mpwa wake, kipaza sauti mkononi. Mchungaji alikohoa. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa alipanda treni Lubumbashi na kushuka Kamina na makatoni ya tomson, wale samaki wa kugandishwa, na walifika wagumu kama mawe hata treni ikichelewa siku tatu. Siri yake soko zima liliijua: unavunja barafu, unaimwagia chumvi ya jikoni, unafunika na blanketi. Barafu yenye chumvi inauma kuliko barafu tupu. Marehemu mumewe, mtu wa reli, alilalamika kwamba hata kitandani miguu ya mkewe ilikuwa tomson.

Binti yake Sylvie alikuwa na kifua kikuu cha tezi za shingo. Alimeza dawa miezi sita, tezi zikarudi. Akameza tena, zikarudi tena. Mwaka huu ukaja mradi wa utafiti: wagonjwa wanane wangepelekwa Lubumbashi kutibiwa na kufuatiliwa bure. Ilibaki nafasi moja, na kabla ya Ijumaa ya juma lililofuata kipimo kimoja cha Sylvie kilitakiwa kikamilike.

Masengo wa maabara ya hospitali ya Kamina, ambaye koti lake jeupe limesoma kumpita yeye mwenyewe, alimweleza mama.

"Kale kadudu ka kifua kikuu kanavaa mafuta. Mu mwili muko chembe zenye zinakamata kipande ya yale mafuta, zinainua juu, askari ba mwili baone."

"Sawa vile minyi ninainua tomson kwa mukia, muteja aone."

"Njo vile, Mama. Tunataka kujua kama chembe za Sylvie zinainua, ao zimelala. Iko dawa, banaita antikorps. Inanata pa mukono wenye kuinua, inawaka kijani mu mikroskopi. Kichupa ya mwisho iko Lubumbashi, na motokari ya mradi imekufa. Mama anapanda treni juma hii?"

"Ninapanda. Ichungwe namna gani?"

"Isipate moto. Baridi, baridi, baridi."

Mara tatu alisema baridi. Kwamba isigande, hakusema hata mara moja.

Jumamosi, huko Lubumbashi, Mama Émerence akapewa kisanduku chenye vifuko vya baridi, na ndani yake kichupa kisichofika kidole. Jumapili treni ikafia Luena, katikati ya njia ya kurudi Kamina. Jumatatu akagusa vifuko: vuguvugu. Akafungua sanduku lake la samaki, akatoa katoni zote nne, akawauzia abiria na akina mama wa Luena kwa bei ya kutupa. Kwa pesa yote akanunua barafu.

Mbombo, abiria mwenzake, mke wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi ya Kamina, hakuvumilia. "Mama, unaachilia samaki yote juu ya kachupa?"

"Ile kachupa njo shingo ya mutoto yangu. Nyamaza, leta chumvi."

Alizika kichupa katikati ya barafu. Treni ilipofufuka, kila kituo aliongeza chumvi.

Alhamisi asubuhi aliposhuka Kamina hakupita nyumbani. Alipanda pikipiki moja kwa moja hadi hospitali, sanduku magotini.

"Dokta! Shika. Iko nguvu sawa jiwe."

Masengo alikipindua kichupa. Hakuna kilichotikisika. Akaketi.

"Mama alitia chumvi?"

"Kilo mbili. Ulizani niko mwanafunzi?"

Antikorps ni kama yai bichi: baridi inalitunza, kuganda kunalipasua. Masengo alijaribu hivyo hivyo. Kioo chenye kipande cha tezi ya Sylvie kilikuwa giza chini ya mikroskopi, na hiyo ingeweza kuwa habari, kwamba chembe zake zimelala. Lakini kulikuwa na kioo cha pili, cha kupima dawa yenyewe, ambacho lazima kiwake. Nacho giza. Basi hapakuwa na habari yoyote.

"Ninarudia Lubumbashi leo," mama akasema.

"Ilikuwa ya mwisho, Mama. Na Ijumaa njo kesho."

"Basi andika kama imewaka. Dokta, ninapiga magoti. Nani atajua?"

"Bantu ba mradi banaomba picha, Mama. Giza nitaipiga picha namna gani?"

Sylvie alikuwa mlangoni, kitambaa shingoni. Alimwinua mama yake kwa kwapa. "Simama, Mama. Bantu banatuangalia."

Ijumaa saa sita nafasi ilienda kwa kijana wa Kaniama. Mama Émerence alikuwa kwenye benchi la nje, hataki kwenda nyumbani, hataki sanduku lifunguliwe. Maji ya chumvi yalivuja chini yake mpaka barazani, na mfagiaji akayapitishia ufagio bila kuuliza.

Luena, Jumatatu ile, bare moja, yaani pande zima la barafu, ilikuwa franka elfu sita, na samaki wake wote waliishia humo.