Mnara wa Kastello na Ngazi za Chiku

Chiku Uledi alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu ahamie jengo letu la Mtaa wa Mhonda, akasimama mlangoni kwangu anahema.

"Shikamoo, mama Maimuna. Wameniandikia!"

"Marahaba. Nani?"

"Wenyewe! Wenye Kastello!"

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mimi nauza zipu na vifungo chumba cha kwanza ghorofani. Chiku anatengeneza kompyuta chumba cha pili. Katikati kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo ya wiki ile niliyaona na kuyasikia yote, na kila siku niliandika ya siku hiyo.

Chiku ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Gerezani, baba yake alikuwa fundi redio. Kompyuta anazoletewa ni za mtumba, nyingi zimechoka, na anaziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta ambao hauzielemei. Wateja walikuwa na lalamiko moja: Kastello haichezi. Kastello ni mchezo wa kujenga ngome, unauzwa na kampuni moja ya Ulaya, na haukutengenezwa kwa ajili ya Linux. Chiku alitumia miaka miwili kuandika kisakinishi, yaani programu ndogo inayouchukua mchezo uliokwisha kuununua na kuupanga kwenye kompyuta yako mpaka ucheze. Mchezo wenyewe haumo ndani yake. Asiyeununua hapati kitu. Alikigawa bure kwenye ghala moja la programu mtandaoni, na watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamekipakua, wengine wakimshukuru kwa lugha asizozijua.

Lakini alikiita "Kastello ya Bongo", na akakipamba kwa mnara mwekundu, nembo ya ile kampuni.

Nilisoma barua naye mara tatu. Kazi yenyewe hawakuikataa. Walikataa jina na mnara, kwa kuwa ni alama zao za biashara, na mtu akiziona atadhani kisakinishi kimetoka kwao. Ghala nalo lilikuwa limetoa muda: mpaka Ijumaa saa kumi kamili jioni kila kitu kiwe kimebadilika, la sivyo kisakinishi kitaondolewa na hakitapokewa tena.

"Miaka miwili, mama Maimuna," alisema. Lakini macho yalikuwa yanang'aa. "Umeona hapa lakini? Wamekijaribu! Wanasema kinafanya kazi vizuri!"

Alishuka mbio kwa Jeet. Chini yetu ni duka la mzee Harilal, muuza cherehani na vipuri vyake, na mwanawe Jeet ana mashine ya kuchapa maboksi na majalada nyuma ya duka hilo hilo.

"Dada, hiyo ndogo," Jeet alimwambia. "Mnara ugeuze uangalie kushoto, upake kijani. Nimechapa maboksi ya redio, ya pasi, ya nyembe. Unageuza picha, unabadili rangi, imekuwa yako."

Hapa sokoni ndivyo tunavyofanya, na hatuoni ubaya. Boksi linalofanana na jingine linamwambia mteja asiye na muda kilichomo ndani. Jeet akachapa majalada mia moja ya kuwekea flashi ambazo Chiku huwawekea wateja wa hapa kisakinishi, yenye mnara wa kijani, na Jumanne mchana Chiku akawapelekea kampuni picha yake, anatabasamu peke yake.

Jibu lilikuja Jumatano saa tatu asubuhi. "Bado unafanana na wetu. Tunaona umefanya makusudi ili ufanane."

Nilimsikia anavuta kiti. Nilipokwenda alikuwa ameshika jalada moja analigeuzageuza.

"Wananiona mwizi," alisema. "Na ni kweli nilifanya makusudi. Nilitaka watu wajue ni cha mchezo gani! Nisipolitaja jina lao, nani atajua?"

Siku ile hakufungua kompyuta ya mteja hata moja.

Alhamisi saa tano simu yake ililia. Alikuwa Filbert, mteja wa Kigamboni, amepotea.

"Upo Msimbazi? Haya, ingia Mhonda," Chiku alimwelekeza kwa sauti ya kuchoka. "Uliza Harilal wa cherehani, kila mtu anamjua. Mimi nipo pembeni ya Harilal, panda ngazi."

Kutoka chini mzee Harilal akapaza sauti. "Kila siku Harilal, Harilal! Nianze kukutoza?"

"Si jina lako ndilo linajulikana, mzee!"

"Tumia, tumia! Ila siku ukiliandika juu ya mlango wako, mimi na wewe polisi!"

Jeet akacheka, nami nikacheka. Chiku hakucheka. Alisimama na simu mkononi, Filbert bado anaita "Haloo? Haloo?"

"Mama Maimuna, umesikia? Pembeni ya Harilal! Nalitaja jina lake mara kumi kwa siku na hajawahi kukasirika, kwa sababu sisemi mimi ni Harilal. Nasema nilipo!"

Filbert alipofika ilibidi asubiri benchi langu. Chiku alikuwa ameshaanza. Kisakinishi kitakuwa na jina lake chenyewe, na Kastello itatajwa pale tu inapobidi kueleza kinafanya kazi na mchezo gani.

"Kiite Ngazi," nilisema, kwa kuwa nilikuwa naziangalia. Akatafuta saa nzima kama kuna programu nyingine yenye jina hilo. Hakuiona.

Nilichukua penseli, tukahesabu. Neno Kastello lilikuwa mahali sitini na moja. Hamsini na mbili tulilifuta. Tisa tuliliacha, pale kisakinishi kinapolitafuta faili la mchezo kwa jina lake, na kwenye maelezo, ambayo aliyaandika upya: "Ngazi ni kisakinishi kisicho rasmi. Kinafanya kazi na mchezo wa Kastello, ambao utaununua kwa wenyewe. Kastello ni alama ya biashara ya wenye mchezo, nasi hatuna uhusiano nao." Picha ndogo ya mnara, ile unayoibofya kuufungua mchezo, aliitoa kabisa kwenye kisakinishi; sasa kisakinishi kinaichukua kutoka kwenye nakala ya mnunuzi mwenyewe. Kisakinishi chenyewe alikichorea nembo yake, ngazi nne za bluu.

Ijumaa saa nane na dakika thelathini na tano alituma. Tukanywa chai. Saa tisa na nusu mkaguzi wa ghala akajibu: mnara bado upo kwenye ukurasa.

"Wapi?" Chiku alipiga kelele. "Wapi? Tumehesabu!"

Tulikuwa tumehesabu maneno. Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na picha ya majalada ya Jeet, aliyoiweka Jumanne na kuisahau, minara ya kijani imejipanga.

Ukurasa usio na picha haupokewi, kwa hiyo alishuka mbio na simu kupiga nyingine. Nikamfuata.

"Mzee, ondoka, umeingia kwenye picha!"

"Ngazi za nani hizi?" alisema Harilal, ameketi ngazi ya kwanza na gazeti lake. "Nipige na mimi!"

"Mzee, dakika kumi na nane!"

Harilal akaruka kama kijana. Chiku akapiga picha ya ngazi tupu, akapanda, akabadilisha, akatuma. Tukakaa tunaitazama skrini bila kupepesa, Jeet naye nyuma yetu, mikono imejaa wino.

Saa kumi kasoro dakika tatu likaja neno moja: imekubaliwa. Chiku alinikumbatia mpaka kalamu yangu ikaanguka. Jeet alipiga yowe hadi wauza viatu wa ng'ambo wakauliza kuna nini.

Jumatatu iliyofuata kampuni ilimwandikia tena. Kwenye ukurasa wao wa maswali wameongeza mstari: wenye Linux wanaweza kujaribu Ngazi, si yetu, imetengenezwa na Chiku Uledi wa Dar es Salaam.

Alishuka kumsomea mzee Harilal mstari ule, polepole.

"Kwa hiyo sasa wao ndio wanaelekeza watu kwako," Harilal alisema. "Watoze."

Majalada ya mnara wa kijani hayakutoka nje ya jengo. Jeet aliniletea yote mia moja, na nyuma ya majalada hayo ndipo nilipoyanakili haya niliyokuwa nayaandika kila siku.