Mama Mkwe Chini ya Ukuta

Mke wangu husema kwamba siku nitakapofika mbinguni, kabla ya kumsalimu malaika, nitauliza ukuta wa lango umeegemea nini. Anatania, lakini hajakosea sana. Kazi ndiyo iliyoniharibu. Kanisani naangalia boriti kwanza, mchungaji baadaye. Kwa rafiki yangu mwenye baa nakataa kukaa karibu na makreti yaliyopangwa hadi darini, na akiuliza sababu namwambia ukweli, naye ananiambia nikanywee kwangu.

Mimi ni msimamizi wa usalama wa kuta katika mgodi wa wazi wa shaba na kobalti, upande wa Musonoi, hapa Kolwezi. Shimo letu linashuka kwa ngazi kubwa, kila ngazi ina ukuta wake, na mimi nalipwa kujua ukuta upi umetulia na upi unafikiria kuondoka. Kila asubuhi tunazunguka juu tukitafuta nyufa. Tukiona ufa tunapigilia kigingi upande huu na kigingi upande ule, tunafunga kamba kati yake, tunaiacha ilegee kidogo. Kamba ikikaza, ardhi inatembea. Tuna vyombo vya kisasa pia, vinavyopima kuta mchana na usiku kwa mashine, na sivikatai. Lakini kamba naipenda zaidi, kwa sababu haiishiwi umeme.

Watu hunitupia methali ya ufa, kwamba usipouziba utajenga ukuta. Inafaa nyumbani. Mgodini hatuzibi ufa, maana ukiuziba hutajua tena ufa unafanya nini. Ile nisiyoivumilia kabisa ni ajali haina kinga. Mtu akiisema mbele yangu namuuliza, basi mimi nimeajiriwa nipige filimbi?

Sasa mama mkwe wangu. Mke wangu ametoka katika familia ya kaskazini mwa Katanga, watu wanaoushika ukwe kama wanavyoishika Biblia. Mkwilima hamtazami mama wa mkewe usoni. Hampi mkono, hali naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Akiwa na neno, analituma kwa mtu wa tatu. Kuna siku ya kuufungua mwiko huo: mama mkwe anapika, anampakulia mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo wanaishi kama mama na mwana. Kwetu siku hiyo ilikuwa haijafika. Baba mkwe alifariki kabla ndugu hawajakusanyika, kisha kila mtu akawa na shughuli zake, na mimi sikuona haraka. Mama mkwe usiyeongea naye hakugombezi.

Marehemu alikuwa na pikapu ya kuleta makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka Mutshatsha. Mama alijifunza usukani kando yake katika barabara ile ya mashimo, na alipobaki mjane akaendelea kuendesha mwenyewe, akiwalea watoto kwa makala hayo. Ni mama mfupi, mwenye sauti ndogo, anayefunga kitambaa cha kichwa kwa uangalifu mwingi. Nilipokuwa mgodini mwaka wangu wa tatu, kampuni ikatangaza kwamba inatafuta wanawake wa kuendesha malori makubwa ya kubebea mawe, yale tunayoyaita benne, ambayo gurudumu lake peke yake linampita mtu kwa urefu. Mama akaenda kujiandikisha bila kumwambia mtu. Akafaulu mtihani.

Mke wangu alinipa habari hiyo huku akicheka hadi akakaa chini.

"Sasa mutafanya je? Mama yangu atakuwa mu shimo yako kila siku!"

Kwa kweli mwanzo ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mila inanitaka nimpishe mama mkwe njiani. Sheria ya mgodi inataka gari dogo liipishe benne. Kila nilipoona lori lake likija, nilisogeza pikapu yangu pembeni na kugeuza uso, na hakuna aliyeweza kujua kama natii mababu au natii kampuni. Chakula cha mchana nilikula garini ili nisimkute kantini. Shida ilibaki kwenye redio, kwa maana mimi lazima niseme na madereva, na yeye ni dereva.

Hapo ndipo alipoingia mwendesha pelle. Pelle ni ile mashine ya kuchimba na kupakia, na anayeiendesha ndiye mkubwa wa malori yote yanayokuja kupakiwa: akipiga honi mara moja, lori linasogea nyuma chini ya ndoo, akipiga tena, limejaa, linaondoka. Mwendesha pelle wetu ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alipoelewa hali yetu, akajipa cheo cha mjumbe. Nilikuwa namwambia yeye, naye anamwambia mama, ingawa mama alikuwa na redio ileile na alikuwa amekwisha kunisikia.

"Pelle, ambia ule mama wa benne saba apunguze mwendo pa virage," nilisema siku moja, maana lori lake ni namba saba na ile kona ya chini ni kali.

"Benne saba," akaanza yeye, "mukwe wako anakusalimia sana. Anasema alilala muzuri, batoto beko bien. Anakuomba na magoti mbili, mama, pole pole pa virage."

Shimo zima likacheka. Kisha sauti ndogo ikajibu:

"Umwambie nimesikia. Na yee aache kuzunguka pale juu, mvua itamunyeshea."

Tuliishi hivyo kwa raha. Nasema raha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naisubiri kabisa ile michezo ya asubuhi, na nadhani naye aliisubiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona hatari iliyokuwa ndani yake, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuona hatari.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya masika, baada ya usiku wa mvua ya kawaida tu. Upande wa mashariki tulikuwa na ufa wa zamani, uliokaa miezi bila kusogea, nasi tulichimba chini yake kwa tahadhari, tukiwa tumeweka tuta la kuzuia mawe. Asubuhi nilipima kamba, ilikuwa imelegea. Nilizunguka kwingine. Sijui ni nini kilichonirudisha kabla ya zamu yangu ya kupima tena. Napenda kusema ni ujuzi, lakini huenda ilikuwa tabia yangu ya kushuku tu, ile ya makreti ya bia.

Kamba ilikuwa imenyooka. Niliigusa kwa kidole, ikalia kama waya wa gitaa. Kisha nikasikia vijiwe, vidogo vya ukubwa wa maharagwe, vikiteremka ukutani bila kusukumwa na mtu. Nikachungulia. Chini kabisa, mguuni mwa ukuta, pelle ilikuwa inachimba, na kando yake, mgongo ukiwa ukutani, imesimama benne saba.

Nikabonyeza redio nikasema kama nilivyozoea kusema:

"Pelle, pelle! Toka chini ya ukuta! Mutoke bote, sasa!"

Mwendesha pelle hakungoja. Minyororo ya pelle ikaanza kusaga udongo, mashine ikarudi kinyumenyume kuelekea katikati ya shimo. Lori halikusogea. Niliangalia moshi wake, injini ilikuwa inanguruma. Niliona hata ule mkono wake wenye glavu, umetulia dirishani. Vijiwe vikawa mawe. Lori halikusogea.

Nikamwita mwendesha pelle tena, hakuna jibu. Baadaye alituambia redio ilikuwa imemwangukia miguuni naye anapambana na mashine. Na mimi pale juu, namwambia msomaji kama ilivyokuwa, nikapoteza muda nikitafuta mtu wa tatu. Kidole kiko kwenye kitufe na kinywa changu kinatafuta njia ya kuzunguka. Kisha nikapiga kelele, kwa sauti ambayo sijawahi kumpigia hata mwanangu.

"Mama mukwe! We! Unangoja nini pale? Toka! Kanyaga, minasema! Kanyaga!"

Lori likaruka. Sijawahi kuona benne tupu ikiondoka namna ile. Lilikuwa limefika kwenye njia ya kupandia wakati ukuta ulipokaa chini. Ndivyo ulivyofanya, haukuanguka kama mti, ulikaa, kisha ukasambaa. Vumbi jekundu likatupanda wote. Lilipotulia, mahali pa lori palikuwa na kilima.

Hakuna aliyeumia. Niliteremka kwa miguu, pikapu nikaiacha juu. Mwendesha pelle alikuwa ameketi chini, anarudia maneno yaleyale: "Nilisahau honi, mukubwa. Nilisahau honi." Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka kwenye lori lake, amesimama anakitazama kile kilima, mdogo kando ya gurudumu. Nilitaka kumkimbilia. Badala yake nilisimama mbali na kugeuza uso, kama desturi, na machozi yalinitoka nikiwa nimegeukia upande usio na mtu.

Jioni nilipofika nyumbani Dilala, habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Mke wangu alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni kweli? Ulimuita mama yangu 'we'? Batu bote banasikia?"

"Ndiyo."

Akanikumbatia kwa nguvu mpaka kofia yangu ikaanguka, akalia begani mwangu muda mrefu. Kisha akajifuta na kusema kwamba hata hivyo kuku wa kuomba radhi lazima, na awe mweupe.

Tulipewa mapumziko hadi Jumatatu. Siku hizo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ukuta. Niliogopa kwamba mama ataacha kazi. Mwanamke aliyefokewa na mkwe wake mbele ya madereva wenye umri wa wanawe, na wa kwao kaskazini wameshapiga simu kuuliza kama ni kweli, anaweza kuona haya kurudi. Na ile kazi aliipenda. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake huosha kaske yake, ile kofia ngumu ya mgodini, kila Jumamosi kwa sabuni ya unga na kuianika pamoja na nguo za kanisani.

Jumapili, baada ya ibada, mimi na mke wangu tulimpeleka kuku kwa mama mkwe. Nilimkabidhi shemeji yangu mlangoni kama inavyotakiwa, nikataka kuondoka. Sauti ndogo ikasema kutoka ndani:

"Mukwe, kuya. Kaa pa kiti."

Nikamtazama mke wangu, naye akanisukuma. Nikakaa, macho sakafuni. Kuku akachukuliwa. Tulingoja hadi harufu ikaanza kutoka jikoni. Halafu mama akaja mwenyewe na sinia la bukari, ugali wetu, akamega, akaweka paja la yule kuku juu yake, akanisogezea kwa mkono wake.

"Leo angalia huku," akasema.

Nikainua uso. Miaka yote hiyo sikuwa najua kwamba mke wangu amechukua macho yake.

"Mi nilikusikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Ulisema na pelle, mutoke bote. Nilisikia muzuri sana. Na mawe nilikuwa naona mu rétroviseur, mu kioo ya nyuma. Lakini nikasema, mukwe hasemake na mi. Ngojako, ule wa pelle atanipashia. Nilikuwa nakuchungia heshima yako."

Nikalirudisha tonge kwenye sinia. Nilikuwa nimejiambia kwamba hakusikia, kwamba injini ilikuwa na kelele. Kumbe alikaa pale, mguu tayari, ukuta unakuja nyuma yake, ananingojea kwa adabu.

"Mama," nikasema, na lilikuwa neno la kwanza la taratibu nililowahi kumwambia, "siku ingine usingoje."

"Sitangoja. Na weye siku ingine usiniite 'we'."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Tukacheka sote, mama akifunika mdomo kwa kitambaa, na nikala lile paja mpaka mfupa.

Jumatatu tulihamia upande mwingine wa shimo, chini ya ukuta ninaouamini kadiri ninavyoweza kuamini ukuta. Nilikuwa nimepima kamba zake zote alfajiri. Malori yakapanga mstari juu ya njia. Mwendesha pelle akabonyeza redio, akakohoa, tayari kwa salamu zake ndefu, lakini akatanguliwa.

"Mukwe, hapa ni benne saba. Ukuta iko namna gani leo?"

Kisha mwendesha pelle akasema, "Bon, bamenifukuza kazi," na watu wakacheka hadi honi zikapigwa.

"Ngojako kidogo, mama," nikamjibu.

Nilikuwa na uhakika na ukuta ule. Hata hivyo nilirudi kwa miguu hadi kwenye vigingi, nikainama, nikaishika kamba kwa vidole viwili. Ilikuwa imelegea. Ndipo nikabonyeza redio.

"Iko muzuri, mama. Ingia."