Shangazi Alivyokisukuma Kiti cha Kaka

Sikia, ndugu yangu. Juzi niliona kwenye runinga wanaume wakigombea kombe kubwa la tenisi wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hakuna aliyewasukuma. Nikamkumbuka kaka yangu Ambakisye, pale Makwale, akicheza nasi kwa kibao cha mbao, kwenye kiti chake. Kila mpira ulipomwendea, shangazi aliacha kuanika kakao, akaja na mikono inayonuka uchachu, akasukuma.

"Ndaga, asante shangazi, lakini achia."

"Utachelewa, mwanangu."

"Tumeshaupita. Mpira uko nyuma yetu."

Mara ya tatu kaka alitupa kibao, akagoma kucheza. Nilidhani hana shukrani. Kumbe angeachwa, angeufikia mwenyewe.

Kabla hujashika kiti cha mtu, muulize, kisha usubiri ajibu.