Bakuli la Pili

Kwa miaka yangu yote ya utumishi hapa Butembo, katika ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, sikuwahi kufuta neno. Neno lenye kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Kando yake huandikwa kwamba limebatilishwa, kisha mwenye kosa hutia sahihi na tarehe. Wanaotumia wino mweupe siku hizi wanaharibu kumbukumbu za watu, na nimewaambia hivyo ana kwa ana.

Desturi za ofisi nilizihamishia nyumbani, kwenye riwaya zangu za zamani za Kifaransa. Moja ilikuwa na ukurasa nilioupenda kuliko yote: mzee anakula supu, mvua inanyesha, na binti yake aliyeolewa bila ruhusa anabisha mlango. Mzee hainuki. Anakula mpaka mwisho bila tone kumwagika. Niliona huo ndio ubaba. Pembeni nikaandika: "Nimeona, nimekubali," nikatia sahihi na tarehe.

Mke wangu alinicheka. "Baba ya batoto, unasigna ata kitabu? Kesho utasigna na sufuria yangu!"

Binti yetu alikiazima kitabu hicho wakati ambapo, bila mimi kujua, alikuwa akitafuta namna ya kuniambia kwamba ameposwa na mwenye lori wa Beni, Mwislamu. Sisi ni Wakatoliki. Alikirudisha kikiwa wazi kwenye ukurasa ule.

"Papa, ni weye uliandika hapa?"

"Ni miye. Signature yangu si unaijua?"

"Naijua, papa."

Mwezi uliofuata alikwenda Beni, akaolewa. Mimi niliyeandikisha ndoa za watoto wa wengine sikuhudhuria yake. Mama yake aliniomba mara nyingi twende kumwona. Nilijibu kwamba aliyeondoka ndiye wa kurudi.

Alirudi siku ya kumzika mama yake. Aliketi na wageni karibu na lango, akaondoka kabla sijamwita.

Wiki chache baadaye nilifungua tena ukurasa ule, nikitafuta, nakiri, wa kuniunga mkono. Ndipo nikaona sentensi ambayo jicho langu lilikuwa limeiruka: mezani palikuwa na bakuli la pili, safi, na mzee mwenyewe ndiye aliyeliweka, kama alivyoliweka kila siku tangu binti aondoke. Nilimkasirikia mwandishi kwa kubana jambo zito hivyo katika mstari mmoja. Hasira haikudumu. Mimi niliyewarudishia watu mafaili yao kwa ajili ya herufi moja, sikuwa nimesoma.

Nilikata maneno yangu kwa mstari, nikaandika "Yamebatilishwa," sahihi, tarehe. Nikapanda gari kwenda Beni, kitabu mkononi.

Binti yangu alisoma akiwa amesimama mlangoni. Kidole chake kilisimama kwenye tarehe.

"Mama aliona hii?"

"Hapana."

Alifunga kitabu. "Ingia, papa. Nawa mikono, ukule."

Aliniletea fufu na maharagwe, sahani moja, akarudi jikoni. Nilimsikia akiosha vyombo. Sikugusa chakula. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu aondoke, nikamwomba alete sahani ya pili.

Alikuja nayo baada ya muda mrefu. Aliketi upande wa mlango, mahali pa mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.